Mimi Ndiye Niliyeziba Masikio ya Bibi

Nimefundisha shule ya msingi hapa Tanga kwa miaka 18, na kila Jumatatu asubuhi, watoto wakiwa mstarini, nilikuwa nakagua usafi: kucha, nywele, meno, kola za mashati, masikio. Mtoto niliyemwona na nta ya rangi ya asali mlangoni mwa sikio nilimtoa pembeni, nikamwagiza amwambie mama yake amsafishe. Sikuwahi kusema amsafishe kwa kitu gani. Nilichukulia kwamba kila nyumba inajua: vijiti vya pamba kwa wenye uwezo wa kununua, njiti ya kiberiti iliyozungushiwa pamba kwa wasio nao, unyoya wa kuku kwa walioko shamba. Mimi mwenyewe nilikuwa na kopo la vijiti karibu na kioo, na sikuhesabu kwamba nimemaliza kuoga mpaka niwe nimechokonoa masikio yote mawili. Kuna raha yake, silikatai hilo, na raha ile ndiyo iliyonifanya nisijiulize chochote.

Jumamosi moja nilisimama mlangoni mwa chumba na kijiti kikiwa ndani ya sikio la kulia. Mwanangu wa mwisho, wakati huo ana miaka 4, alitoka uani mbio, akarukia mkono wangu anikumbatie. Hakuwa na kosa lolote. Nilisikia mlio kama wa karatasi inayochanwa, kisha maumivu yakanikalisha sakafuni. Nilipokitoa kijiti kilikuwa na damu kidogo kwenye ncha. Sauti za upande ule zikawa zinanifikia kama za mtu anayesemea ndani ya pipa, na juu yake kulikuwa na mlio mwembamba usiokatika.

Jirani yangu alikuja na mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kwenye kijiko. Ni mama mwenye huruma, ameniuguzia watoto zaidi ya mara moja, na dawa aliyoijua ndiyo aliyoileta. Nikamwambia asubiri, si kwa sababu nilikuwa najua lolote, ila sikutaka kitu chochote kiguse sikio lile. Maumivu ndiyo yaliyoniokoa. Ngoma ya sikio ikishachanika, unachokimimina hakiishii nje tena. Kinapita kwenye tundu na kuingia sikio la kati, na vijidudu vinaingia pamoja nacho.

Daktari wa masikio, pua na koo aliniangalia kwa kile kifaa chenye taa na mdomo mwembamba. Akagonga uma wa chuma unaotoa sauti, akausimika katikati ya paji la uso wangu, akaniuliza nausikia upande gani. Nilishangaa kwamba nilikuwa nausikia zaidi upande ulioumia. Akasema hiyo ni habari njema: njia ya sauti imeharibika lakini mshipa wa fahamu ni mzima. Alikuta mchaniko mdogo ambao aliona utajifunga wenyewe. Sikupewa dawa ya kudondoshea. Niliambiwa maji yasiingie, nisipenge kamasi kwa nguvu, na ninapooga nizibe mlango wa sikio kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando. Mchaniko ulichukua karibu miezi miwili kufunga.

Kilichobaki moyoni mwangu siku ile ni swali lake. Aliniuliza, "Mwalimu, ulikuwa unatafuta nini humo ndani?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa nasafisha.

Akachora kwenye karatasi. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5, na halikunyooka, limepinda. Tezi zinazotengeneza nta ziko sehemu ya nje tu, kama theluthi moja ya njia. Huko ndani karibu na ngoma hakuna tezi hata moja. Ngozi ya humo nayo haikai mahali pamoja: inaota kutoka kwenye ngoma na kusogea polepole kuelekea nje, ikibeba nta, vumbi na ngozi iliyokufa, na taya linapotafuna au kuzungumza linaisaidia kusukuma. Nta yenyewe ina uchachu kidogo unaozuia vijidudu na fangasi, na ina mafuta yanayozuia maji yasilowanishe ngozi. Ile ninayoiona mlangoni mwa sikio la mtoto ni nta iliyokwisha kumaliza kazi, iko njiani kutoka. Kisha akasema jambo ambalo sijaweza kulisahau: "Ninapoikuta nta imegandamana na ngoma, mara nyingi najua kuna mtu ameisukuma mpaka pale."

Palepale nilimkumbuka Bibi.

Bibi yangu, mama yake mama, anaishi Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, pale unapovuka kwa kivuko. Amevuka miaka 80. Kwa zaidi ya mwaka mmoja usikivu wake ulikuwa unapungua, na sisi sote tulikwisha kukubaliana kwamba ni uzee. Ukimsalimia shikamoo anakutazama midomo. Redio yake ilisikika mpaka kwa majirani. Simu ikiita anampa mtu mwingine azungumze. Alikuwa mweka hazina wa kikoba chao tangu kilipoanzishwa, mwanamke asiyeandika sana lakini hakosei hesabu, na wenzake wakaanza kumwona anajibu lisiloulizwa. Walimpumzisha kwa heshima, wakamletea khanga. Mjomba, kila Bibi asipoitikia, alikuwa anasema sikio la kufa halisikii dawa, kana kwamba ni ukaidi. Polepole tukaacha kumwambia mambo. Harusi ilipangwa bila yeye. Shamba la minazi liliuzwa kipande, akajua alipoona watu wageni wakipima. Si kwamba tulimdharau. Kumwambia jambo kulihitaji kupiga kelele, na mambo mengine hayasemeki kwa kelele.

Mimi nilikuwa naenda kumwona kila baada ya miezi miwili. Nikifika, baada ya chakula cha mchana, alikuwa analaza kichwa kwenye paja langu pale barazani, nami namsafisha masikio kwa vijiti vya pamba nilivyotoka navyo mjini. Aliipenda sana saa ile. Alikuwa akifumba macho na kusema, "Mikono yako miepesi, mjukuu wangu." Kijiti kilitoka na rangi ya kahawia, nami nikaridhika kwamba nimefanya kazi. Kumbe kilichotoka ni kile kidogo kilichonata kwenye ncha. Kilichobaki nilikuwa nakishindilia kama mtu anayeshindilia unga kwenye kibaba, safari baada ya safari, kwa mikono hiyo hiyo miepesi.

Nilimfuata wiki ile ile. Kabla ya kumgusa, daktari aliuliza maswali ambayo nilidhani ni ya kujaza fomu tu. Je, masikio yake yamewahi kutoa usaha? Aliwahi kufanyiwa upasuaji wa sikio? Ana sukari? Kuna sikio moja analolitegemea zaidi? Baadaye nilielewa. Sikio lililowahi kutoa usaha huenda lina tundu, na maji yakisukumwa humo yanaingia ndani. Mwenye kisukari akipata hata mkwaruzo na unyevu ukabaki, anaweza kupata maambukizi yanayokula mpaka mfupa. Na mtu mwenye sikio moja tu linalosikia, hilo moja halifanyiwi majaribio. Bibi ana shinikizo la damu, lakini hakuwa na lolote kati ya hayo. Akaangaliwa, na mimi nikaruhusiwa kuchungulia. Hapakuonekana ngoma, upande wa kulia wala wa kushoto. Kulikuwa na ukuta mweusi unaong'aa.

Hakuoshwa siku hiyo. Alipewa siku 5 za kulainisha: matone matatu manne ya mafuta ya zaituni, asubuhi na jioni, alale ubavu kwa dakika kama tano kisha ageuke. Chupa niliipasha kwa kuishika mkononi, si motoni. Siku ya pili Bibi alishindwa kusikia kabisa, hata nilipompigia kelele, akalia. Nilikuwa nimeonywa kwamba nta ikilowana inavimba kabla ya kulegea, ndiyo maana watu wengi sikio linawaziba ghafla baada ya kuoga au kuogelea, lakini kuonywa hakukunisaidia sana nilipomwona anafuta machozi kwa ncha ya khanga.

Niseme hapa kwamba si lazima yawe mafuta ya zaituni. Mwaka 2018 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua majaribio ya tiba, walikusanya majaribio yaliyolinganisha matone ya aina mbalimbali, wasione ushahidi kwamba aina moja inaishinda nyingine, wala kwamba dawa za chupa zinayapita maji ya kawaida au maji ya chumvi ya hospitali. Nalisema kwa ajili ya mtu anayesimama kaunta ya duka la dawa akihesabu noti zake na kudhani cha bei kubwa ndicho kitakachomponya mzazi wake.

Siku ya sita tulirudi. Muuguzi alijaribu maji kwenye kifundo cha mkono kama tunavyofanya kwa maziwa ya mtoto mchanga. Nilimshukuru kimoyomoyo, kwa sababu mimi najua maji ya baridi yanafanya nini. Nikiwa kidato cha pili sikio langu liliziba, nikapelekwa kwenye zahanati moja. Aliyenihudumia alichota maji ya bombani, asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, akayasukuma kwa bomba la sindano. Chumba kilizunguka, nikang'ang'ania kitanda, nikatapika. Kwa miaka mingi niliamini nina sikio baya. Nikiwa mtu mzima ndipo nikasoma habari za Robert Bárány, daktari wa Vienna aliyekuwa akiosha masikio ya wagonjwa na kuona kwamba maji yakiwa ya baridi wanashikwa na kizunguzungu na macho yao yanacheza upande mmoja, na yakiwa ya moto mno macho yanacheza upande wa pili. Alitambua kwamba tofauti ya joto inayatikisa majimaji ya sikio la ndani, ambako mwili unapima mizani yake. Kazi yake juu ya mizani hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Sikio langu halikuwa na ubaya wowote. Maji yanatakiwa yalingane na joto la mwili, nyuzi 37 hivi, basi.

Muuguzi alilivuta sikio la Bibi juu na nyuma ili njia inyooke. Kwa mtoto mdogo, aliniambia, linavutwa chini na nyuma. Hakuelekeza maji katikati. Aliyaelekeza ukutani, juu kidogo, yapite nyuma ya nta na kuisukuma kutoka ndani kuja nje. Ncha ya bomba hakuiziba tunduni, ili maji yapate pa kutokea. Mara ya tatu kikadondoka kwenye bakuli kitu cha ukubwa wa mbegu ya ubuyu, cheusi, kigumu. Muuguzi alikigeuza kwa koleo, nikaona nyuzi nyeupe zimesokotana ndani yake. Ilikuwa pamba ya vijiti vyangu.

Nilimweleza daktari ukweli wote. Hakunilaumu, wala sikuhitaji kulaumiwa na mtu mwingine.

Upande wa kushoto ulikataa maji. Huko daktari mwenyewe aliingia na taa ya kichwani na kijiko chembamba cha chuma, akiona kila anachokigusa. Bibi alikuwa anakohoa kila kijiko kilipogusa ukuta wa sikio, mimi nikaogopa, lakini ni kawaida: ngozi ya pale inahudumiwa na tawi la mshipa wa fahamu uleule unaoshuka kooni. Wapo watu wanaokohoa miezi kwa sababu ya nta tu. Kipande cha pili kilipotoka Bibi alitulia, akainua uso, akaitazama dari. "Feni hii inalia," akasema kwa sauti ya chini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa zaidi ya mwaka kumsikia akisema kwa sauti ya chini.

Nisimpe mtu matumaini ya uongo. Alipopimwa usikivu baadaye ilionekana sehemu iliyopungua kwa umri ipo palepale, hasa sauti nyembamba. Mpaka leo anauliza mara mbili mkiwa wengi mnaosema pamoja. Lakini kati ya uzee na kile tulichokiita uzee palikuwa na mbegu mbili za nta, na mzee yeyote anayesemwa kwamba hasikii, au kwamba akili imeanza kumtoka, anastahili kuangaliwa masikio kwanza kabla watoto wake hawajaanza kunong'onezana mbele yake.

Shuleni nimebadilisha ukaguzi wangu. Nilisimama mstarini nikawaambia watoto kwamba mwalimu wao alikuwa anawafundisha kosa. Siku hizi nasema: futa nje kwa kitambaa kibichi kilichoviringishwa kwenye kidole, na pale kidole kinapokwama ndipo usafi unapoishia. Kwenye mkutano wa wazazi baba mmoja aliniuliza mbona vijiti vinauzwa kila duka kama ni vibaya. Nikamwambia vina kazi nyingine nyingi, na pakiti nyingi zenyewe zimeandikwa visiingizwe ndani ya tundu la sikio, kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza. Nikawasomea pia hesabu ya Marekani, ambako ajali za namna hii zinaandikwa: kati ya mwaka 1990 na 2010, watoto wapatao 263,000 walitibiwa kwenye vyumba vya dharura kwa kuumizwa masikio na vijiti vya pamba. Ni kama watoto 34 kila siku kwa miaka 21. Wengi wao waliumia katika kusafishwa au kujisafisha.

Nililazimika pia kujifunza yale yanayoingizwa na watoto wenyewe. Mwanafunzi wangu wa darasa la pili alijitia harage sikioni, na mwenzangu alikwisha kuchukua kikombe cha maji. Tulimzuia. Harage likilowa linavimba na kukaza. Mdudu aliye hai, ikiwa sikio halina tundu, anadondoshewa mafuta ili afe kwanza, ndipo atolewe na mtaalamu. Na ile betri ndogo ya mviringo ya saa au mdoli haisubiri kesho, wala haimiminiwi chochote: inaunguza nyama ndani ya saa chache.

Jambo la mishumaa nilikutana nalo saluni. Dada mmoja alikuwa anaiuza: unalala ubavu, mrija wa nta unasimikwa sikioni na kuwashwa, eti moshi unavuta uchafu. Mwishoni anakufungulia kisalio na kukuonyesha unga wa njano. Madaktari wa Marekani waliupima mvuto huo, wakachapisha matokeo mwaka 1996: haupo kabisa. Ule unga ni wa mshumaa wenyewe, na katika wataalamu 122 waliowauliza walipata habari za majeraha 21, yakiwemo ya kuungua. Nilimweleza yule dada pembeni, bila kumwaibisha mbele ya wateja wake. Alinisikiliza. Sijui kama ameacha.

Nyumbani kwangu kopo la vijiti halipo tena karibu na kioo. Kwa wiki za kwanza masikio yaliniwasha, nikatamani sana, kwa sababu kuchokonoa kunakausha ngozi, ngozi kavu inawasha, na kuwasha kunakurudisha kwenye kijiti. Baada ya mwezi hivi kuliisha. Sikio likiziba kidogo, na kwa kuwa daktari amekwisha kuthibitisha kwamba ngoma imefunga, natumia mafuta siku chache na kusubiri. Lakini sikio linalouma, linalotoa usaha au damu, au linaloleta kizunguzungu, siligusi. Na usikivu ukipotea ghafla upande mmoja, ndani ya saa au siku chache, usikae wiki nzima ukidondoshea mafuta kwa kudhani ni nta. Huenda ni mshipa wa fahamu, na tiba yake inataka kuanza mapema.

Bibi nilimrudisha Bweni siku ile ile ya kuoshwa. Kwenye kivuko aligeuza kichwa huku na huku, injini, kuku kwenye tenga la mtu, vijana wakibishana nauli. Hakusema kitu. Tulipofika nilimtandikia mkeka barazani kama kawaida, na kwa mazoea akasogea alaze kichwa kwenye paja langu, kisha akajizuia, akakaa wima.

"Sasa niambie," akasema. "Ile siku wenzangu wa kikoba walipokuja na khanga, walisema nini?"

Nikamwambia. Akauliza la shamba, nikamwambia. Akauliza ya harusi, nani alisimama upande gani, nani aliimba. Akauliza habari za mgonjwa mmoja wa ukoo wetu ambaye sote tulijua amefariki na hakuna aliyekuwa na sauti ya kumpigia kelele neno lile. Nililisema kwa upole, karibu na sikio lake la kulia, naye akalisikia. Tulikaa pale mpaka adhana ya magharibi, nikimsimulia mwaka mzima, na hakuna mahali aliponiambia nirudie.